Ngazi Nane za Kulia

Nyumbani kwao nafasi ya kusoma ilikuwa ya mtoto mmoja, na huyo mmoja alikuwa wa kiume. Yeye, dada mtu, alibeba beseni akawafulia watu nguo mtaa mzima, sabuni ikamla vidole, mpaka mdogo wake akatoka chuoni na cheti chake, akawa mwalimu wa kemia.

Mwalimu alilipa fadhila kwa kumtafutia dada yake kazi ya usafi katika shule hiyohiyo, kisha akampa sharti: kazini wasijuane. Wenzake wangemwonaje, dada wa tumbo moja anasukuma ndoo? Basi yeye akawa Mama Usafi, na mtoto aliyemlea mgongoni akawa Mwalimu. Miaka kumi na minne ikapita hivyo. Nyumbani kwa mdogo wake hakuitwa ila kukiwa na msiba, au nguo nyingi za kufua.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji, masinki matatu na ubao mweusi. Kila jioni aliosha chupa, akazipanga kichwa chini kwenye vigingi, halafu akafuta ubao. Kusoma hakujua, lakini namba alizijua vizuri, na maumbo ya herufi yalimkaa kichwani kama sura za majirani. H aliiita ngazi, maana ina miguu miwili na kipago kimoja. O ilikuwa sufuria.

Kila mwaka Mwalimu aliandika mlinganyo uleule mrefu wa pamanganeti na chuma, na kila mwaka dada yake, akipiga deki nje ya mlango, alimsikia akiwakaririsha wanafunzi: oksijeni ikipungua ongeza maji, hidrojeni ikipungua ongeza asidi, chaji zisipolingana ongeza elektroni. Maneno yakamzoea mdomoni. Alikuwa akiyaimba huku akikamua tambara, na wanafunzi wakambatiza Profesa Dasta.

Mwaka huo, siku ya jaribio la vitendo, mambo yaliharibika. Matone ya zambarau ya pamanganeti yalitakiwa kudondoka kwenye maji yenye chuma na kupoteza rangi. Badala yake kila chupa ilijaa tope la kahawia. Wanafunzi arobaini, chupa arobaini za tope. Mwalimu mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akaja kuuliza kulikoni. Mwalimu hakusita. Alisema chupa hazikuoshwa, Mama Usafi amechoka na siku hizi analipua kazi. Mwalimu mkuu akasema kama ni hivyo, kesho asije.

Mama Usafi alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alifikiria chumba anachopanga, na umri wake, na nani angemwajiri baada ya kufukuzwa kwa uchafu. Kisha akasikia mdogo wake akimwagiza afute ubao kabla hajaondoka. Akauangalia ule ubao. Upande wa kulia maji yalikuwepo kama siku zote: nne, ngazi, mbili, sufuria. Upande wa kushoto, mahali ambapo kila mwaka alifuta nane na ngazi yenye kimsalaba juu, palikuwa patupu.

"Sifuti," alisema. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mama, mimi sijasoma, kuhesabu tu ndiyo najua. Pale kulia kuna maji manne, na kila moja lina ngazi mbili. Hizo ni nane. Kushoto hakuna hata moja. Zimetoka wapi?"

Mwalimu alicheka kidogo, akaanza kueleza kwamba kemia haifagiliwi. Katikati ya sentensi macho yake yakaangukia ubaoni. Alikuwa ameongeza maji ili oksijeni zilingane, asidi, ile nane na ngazi yenye kimsalaba, akaisahau. Na vimiminika vya jaribio alivitayarisha kwa kufuata ubao huohuo.

Mwalimu mkuu, aliyewahi kufundisha hesabu, alihesabu kwa kidole, kulia kisha kushoto. Akataka asidi iletwe. Walichukua chupa moja iliyobaki kwenye vigingi, aliyoiosha Mama Usafi jana yake, wakatia maji yenye chuma, wakatia asidi, kisha zambarau tone kwa tone. Kila tone lilipotea bila kuacha hata vumbi.

"Kesho aje," alisema mwalimu mkuu. "Na wewe Mwalimu, kesho urudie jaribio." Akatoka.

Walibaki wawili. Mwalimu alishika ukingo wa sinki.

"Dada," alisema. Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya kuta zile. "Ungeniambia pembeni."

"Pembeni wapi? Hapa kazini hatujuani."

Alichukua dasta ubaoni, akaiweka juu ya meza mbele ya mdogo wake, akakusanya chupa za tope kwenye beseni, akaenda kuziosha. Tangu siku hiyo ubao wa maabara hufutwa na Mwalimu mwenyewe.