Tip za fimbo ya pool ziliruka kila siku Bangwe, tukamshuku Mrundi

Wakuu, salaam. Wewe unayesikiliza, sogea karibu, maana hili nitalieleza polepole. Sijaongeza chumvi, nilikuwepo mwenyewe.

Ni miaka ile kambi za huku Kigoma zilipojaa tena ndugu zetu kutoka Burundi.

Bangwe kulikuwa na banda la pool la mzee mmoja wa Ujiji, tumwite Mzee Sadiki. Meza moja, fimbo nne, soda, na kelele nyingi.

Kwa wasiocheza: mwisho wa fimbo kuna kipande kidogo cha ngozi, ndiyo tip. Hicho ndicho kinachogusa mpira. Kikitoka, fimbo inabaki kama mwiko tu.

Aliyekuwa anabandika tip pale ni Evariste, mkimbizi. Kambini alipewa kibali cha kuja mjini kumuuguza mkewe, aliyelazwa hospitali. Mchana anashinda wodini, jioni anabandika tip mbili tatu apate hela ya uji.

Kibali hicho hakikumruhusu kufanya kazi. Wote tulijua, tulinyamaza.

Basi tip zikaanza kuruka.

Anabandika leo, kesho ziko sakafuni. Siku moja jamaa yetu Mapembe, mdomo mkubwa kuliko mchezo wake, anapiga mpira mweusi wa ushindi, tip ikaruka ikaingia kwenye soda ya mtu.

"Mrundi! Umetukatia kandambili zako humu!"

Banda zima likacheka. Evariste akainama akaiokota, akajibu kwa lafudhi yake ya Kirundi.

"Oya, hapana kaka. Ni ngozi, yishike uone."

"Nishike nini? Tip nzuri umepeleka kuuza, sisi umetubandika malapa!"

Wakuu, maneno kama hayo yakianza hayana breki. Mmoja akasema mbona kazi anafanyia kwa shemeji yake anakofikia mjini, hataki tumuone. Mwingine akasema gundi anaichanganya na maji. Na mimi nilikaa pale nikimtazama mikono.

Mzee Sadiki hakucheka. Akasema, "Jumatatu naenda kwa wahusika. Wamrudishe kambini, huu ni wizi."

Mke wa Evariste alikuwa hata kukaa kitandani bado hajaweza. Akirudishwa, nani atamgeuza? Nani atampelekea uji?

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yako naitoa mara mbili leo. Nipe fimbo moja niibandike mwenyewe nyumbani. Ikikaa, basi Evariste ni mwizi kweli, nenda. Ikiruka, tuongee tena."

"Marahaba. Chukua. Lakini Jumatatu iko palepale."

Sasa tuje kwenye vifaa, na hapa ndugu yangu usiwe na haraka.

Nilikwenda Mwanga sokoni nikiwa namshuku kila mtu. Muuza duka akanitolea boksi zuri lina kibanio cha skrubu, kitupa kidogo cha kusugulia, na tip za rangi ya bluu. Nikakisokota kibanio, kikakaa upande. Kibanio kikikaa upande, tip nayo inakauka upande. Nikamrudishia.

Kitupa nacho meno yake makubwa, kinachana ngozi badala ya kuilainisha.

Nilichochukua ni hiki: wembe mpya, msasa wa kukwaruza na msasa laini, super glue, na tip za ngozi ngumu. Ibonyeze tip kwa ukucha kabla hujalipa. Ukucha ukizama, hiyo iache. Ya kubania nilikata utepe wa mpira wa baiskeli nyumbani, unabana sawasawa pande zote.

Gundi nayo sikuiamini, siku hizi feki ni nyingi. Nikabandika tip kwanza kwenye fimbo yangu ya zamani iliyokuwa imelala uvunguni. Ikashika. Nikaigonga kwenye kizingiti cha mlango, imeshika. Kwa hiyo gundi nzima, tip nzima, na mkono wangu siyo mbaya.

Nikabandika ya Mzee Sadiki. Gundi ileile, tip kutoka pakiti ileile. Kesho yake nikaigusa kwa kidole gumba tu.

Ikaanguka.

Hapo nikaacha kuitazama tip, nikaanza kuitazama fimbo. Zile fimbo pete zake za plastiki za kichwani zilishavunjika zamani, tip inakaa moja kwa moja kwenye mti. Nikasugua kichwa kwa msasa. Badala ya vumbi, msasa ukashika uji wa njano. Nikaunusa.

Mawese, wakuu. Mawese kabisa, kama ya mboga.

Jumapili asubuhi nikawahi bandani. Mzee Sadiki yuko na kitambaa chake, anazipaka fimbo moja moja kuanzia chini mpaka kichwani, kwa upendo kama anaosha mtoto.

"Mzee, hii ya nini?"

"Ziteleze mkononi! Mpini wa jembe tunapaka, kasia tunapaka. Mti bila mafuta si unapasuka? Nimeanza tangu kiangazi kilipoingia."

Na tip zilianza kuruka lini? Kiangazi kilipoingia.

Nikamwonyesha msasa. Nikakata kichwa cha fimbo kidogo kwa msumeno wa chuma mpaka mti mkavu, nikabandika mbele yake. Tukasubiri tukinywa chai. Akaigonga mwenyewe kwenye ukingo wa meza, kwa hasira kabisa. Ikakaa.

Mzee akakitupa kile kitambaa chini ya meza.

Jumatatu hakwenda kokote. Alimwita Evariste, akamwambia, "Kijana, fimbo zako hizi, endelea nazo."

Evariste akazitazama, hakuzigusa. "Asante mzee. Lakini mikono yangu sasa ibaki wodini tu."



Mkewe alitoka hospitali akitembea mwenyewe, wakarudi kambini wote wawili kibali kilipoisha. Tip za Bangwe nabandika mimi mpaka leo.

Nilichojifunza: tulikagua lafudhi ya mtu kabla hatujakagua mti. Wenye mbinu nyingine za kukausha fimbo iliyokunywa mafuta, au mliowahi kuona mtu akishukiwa hivi, shusheni hapa chini tuelimishane. Anayeanza aulize bila aibu, nitajibu.

Na wewe ambaye tip yako imeruka leo: chukua kitambaa cheupe, kisugue kwenye kichwa cha fimbo. Kikitoka na njano, kata mpaka mti mkavu ndipo ubandike. Na kabla hujakisugua, usitaje jina la mtu.