Kokwa Kumi na Tisa za Tende

Vijiti sita vilikuwa chini ya ngozi ya mkono wangu wa kushoto, kwa ndani, juu ya kiwiko, na mume wangu hakuvijua. Niliviweka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, yeye akishinda sokoni na marobota yake ya mitumba, mimi nikishinda Temeke na watoto wanne waliofuatana kama ngazi. Yeye alitaka wa tano. Mimi nilikuwa nimechoka, na sioni haya kulisema.

Zahanati niliyokwenda ilikuwa na utafiti. Walitaka kujua kama vijiti vile vya kuzuia mimba vina madhara, kwa hiyo kila mmoja wetu alipewa kadi yenye vyumba vidogo vya siku. Siku ukiona damu, unatia wino. Mwisho wa mwezi unaipeleka. Kazi nyepesi, ila aliyezipokea kadi alikuwa karani mwanamume, mtu mzima mwenye mvi zake, na alizisoma kwa sauti mbele ya benchi zima la wanawake. "Huyu siku nne. Huyu sita."

Mimi nilitoka damu wiki mbili, mara nyingine tatu, nikapumzika siku chache, ikaanza tena. Ningesomwa vipi pale? Nikawa natia wino siku tano tu kila mwezi, kama mwanamke wa kupigiwa mfano. Nilikuja kuujutia ujinga huo. Nilipomwendea nesi kuomba vitolewe, kichwa kinagonga, alizipanga kadi zangu zote mezani.

"Mama, mbona wewe ndiye tunayekutolea mfano?" akasema. "Huna tatizo lolote. Hivi ni vya miaka mitano, tukutolee kwa sababu gani?"

Nilirudi nyumbani nimenaswa, na mtego niliutega mwenyewe. Zahanati nikisema kweli, kadi inanikana. Nyumbani nikisema kweli, naandikiwa talaka. Nilikuwa na hofu, na hasira zangu niliwamalizia watoto.

Ikaingia Ramadhani. Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa na desturi yake. Siku ambayo mkwe wake hakufunga kwa ajili ya hedhi, yeye akifuturu alitia kokwa moja ya tende kwenye kopo, isije ikasahaulika siku ya kulipa. Langu lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Kila magharibi kokwa iligonga bati, nami nikatazama pembeni. Ilipopita ya kumi na tano, aliacha kutafuna akanikazia macho.

"Ikipita kumi na tano si ada ya mwezi tena hiyo, ni maradhi," alisema. "Dada yangu alianza hivihivi. Wakasema jini, wakasema husuda. Kumbe saratani ya kizazi."

"Itakatika tu, mama."

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nusura nicheke. Mimi nilikuwa nimeficha hasa ili nisizae.

Idi ilipopita alinishika mkono, kopo kaliweka kwapani, akanipeleka zahanati ileile, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Njia nzima niliomba nesi yule asiwepo. Alikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu huyu anavuja damu. Mpimeni, isije ikawa ile iliyomchukua dada yangu."

Nesi akanitazama, kisha akalitazama kabati la kadi. Nikinyamaza, nitarudi na damu yangu nyumbani. Nikakunja mkono wa gauni.

"Huenda si saratani, mama. Huenda ni hivi."

Mama mkwe alipapasa kwa kidole gumba, kimoja kimoja, mpaka cha sita. Nesi akamweleza ni vya nini. Mimi nilisubiri kofi.

"Mwanangu anajua?"

"Hajui."

Akamgeukia nesi. "Vitoe."

"Lakini mama, kadi yake inaonyesha hana tatizo."

Mama mkwe akamimina kokwa mezani. "Na hii ni kadi yake. Hesabu."

Nesi alizihesabu zote kumi na tisa, akaziandika. Alinipima, akasema kizazi hakina dalili mbaya, kisha akachemsha vyombo vyake. Vitano vilitoka upesi. Cha sita alikitafuta mpaka nikauma khanga.

Tulipokuwa tunarudi hakunigombeza. Alisema tu, "Dada yangu hakuna aliyemhesabia." Nililia palepale barabarani, mtu mzima mie, watu wanapita.

Mume wangu aliporudi jioni, alimkuta mama yake ameshahamishia mto wake na lile kopo chumbani kwetu. Mkeo anaumwa, alimwambia, nitalala naye mimi, wewe tandika ukumbini.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nimalize kuhesabu."