Nilimrusha Binti Yangu Madarasa Mawili

Kosa ni langu. Naliandika bila jina kwa sababu Likasi, mji wetu wa migodi, ni mdogo, na wanafunzi wangu wa zamani bado wananisalimia kwa heshima. Ningependa waendelee.

Ningeweza kuzisingizia nyakati. Miaka hii kila mtu hapa ana nyakati za kusingizia: mishahara haiji, migodi inakufa kipande kwa kipande, migomo imemeza masomo. Lakini nyakati hazikumsimamisha mtoto wangu ubaoni. Mimi ndiye niliyemsimamisha.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano mwenye digrii ya saikolojia ya elimu, jambo nililolitaja kila mahali, hata kwa muuza chumvi. Ningeweza kukueleza jinsi akili ya mtoto inavyokomaa hatua kwa hatua, na kwa nini huwezi kuivuta, kama usivyoweza kuvuta mche wa mahindi ili urefuke. Mfano huo niliutunga mwenyewe. Niliupenda sana.

Binti yangu, nitamwita Kapinga, alikuwa na miaka saba, darasa la pili. Alijifundisha kusoma kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki wa ziwa Tshangalele. Nikaona kipaji. Nikaona pia kwamba shule zinakufa. Kila muhula nilidhani ndio wa mwisho. Basi nikakata shauri apande darasa langu, apate cheti cha msingi kabla milango haijafungwa. Mwalimu mkuu hakubisha. Alikuwa na mahindi yake ya kupalilia nyuma ya ofisi.

Aliyebisha ni mke wangu.

"Baba Kapinga, unamupeleka ku sinkième, ku darasa yako? Kule kuko vijana banaota ndevu."

"Akili yake ni ya kule."

"Na meno? Ya mbele bado kuota. Unamukimbiza mutoto sawa vile treni iko inamuacha."

"Iko inamuacha kweli," nikamjibu, nikajiona nimeshinda.

Wale vijana hawakuwa wabaya. Walikuwa wamepoteza miaka, na Jumamosi walichimba mawe upande wa Kambove. Walimwita Bebe, yaani mtoto mchanga, walimbeba kuvuka madimbwi. Lakini wakati wa mapumziko walizungumza mambo yao, naye alisimama ukutani akiwatazama wenzake wa darasa la pili wakiruka kamba. Nilimkataza kwenda kwao. Nilisema watamrudisha nyuma.

Jioni moja aligombana na binamu yake kuhusu chai. Nilichukua kikombe chake kipana, nikaimimina chai ileile, mbele yake, kwenye bilauri nyembamba. Akafurahi. "Sasa iko mingi!" Unajua, jaribio hilo nilikuwa nimelisoma chuoni, lilikuwa linaniambia waziwazi mtoto huyu yuko wapi: bado alidhani kirefu ndicho kingi. Nilicheka. Asubuhi yake nikamfundisha hesabu za sehemu.

Kanuni alizikariri zote. Maana yake hakuijua hata moja. Mimi nilisikiliza kanuni.

Siku moja nilimwita ubaoni ajumlishe nusu na theluthi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akageuka akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nataka kutoka." Shuleni nilimkataza kuniita baba.

"Maliza kwanza," nikamwambia.

Akajikojolea. Maji yakashuka miguuni mpaka sakafuni, na mmoja akasema, "Bebe iko Bebe kweli," wote wakacheka. Hata wakati huo ningeweza kumtoa nje. Lakini niliona wananicheka mimi na digrii yangu. Nikasema tena, "Maliza."

Alimaliza, miguu imelowa. Jibu lilikuwa sahihi. Naandika hilo kwa sababu nililiona faraja, mjinga mimi.

Tangu siku hiyo hakusoma kwa sauti, kisha hakusoma kabisa. Nilimrudisha kwa wenzake. Nao walimcheka, maana aliyepanda juu ameshuka. Kila asubuhi alitapika, akishika mlango asiende shule. Tulivutana naye miaka miwili, kisha mama yake akamchukua sokoni. Sasa ana miaka kumi na minne, anauza unga. Mteja akileta karatasi yenye maandishi, humpa mama yake.

Shule haikufa. Haina vioo wala madawati ya kutosha, lakini wale wenzake, polepole, kila mmoja kwa wakati wake, wamemaliza.

Wewe mzazi au mwalimu unayemharakisha mtoto kwa sababu dunia inaporomoka, mwache afike mwenyewe. Najua hutanisikia. Mimi nilifundishwa haya na watu wenye akili kuliko mimi, nikafaulu mtihani wa hayo.

Juzi nilimkuta mdogo wake Kapinga, mvulana wa miaka mitano, akichora herufi mchangani kwa kijiti. Nikainama nimwonyeshe inayofuata. Kapinga akaweka chini beseni la unga, akaja, akasimama kati yetu.

"Baba, muache. Iko anacheza."

Akamshika mkono, wakaenda nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki nimeinama.