Pampu Niliyomchagulia Bi Rukia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nina miaka ishirini na mitatu, nimesimama katika ua wa ndani wa nyumba ya Bi Rukia kule Mji wa Kale, nikilitazama birika kavu. Lilikuwa birika la mawe la zamani, urefu wake kama kitanda, kina chake kinafika magotini, na katikati kumesimama kibomba cha shaba kilichokuwa kikirusha maji wakati wa uhai wa baba yake. Jua lilikuwa likiteremka ukutani polepole. Asumini zilikuwa zimedondoka sakafuni na hakuna aliyezifagia, na harufu yake ilikuwa imetanda pale kama usingizi. Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, amenielekezea uso, lakini macho yake yalikuwa yakitazama mahali pengine.

Macho yalikuwa yakimwacha kidogo kidogo. Alikuwa mjane, na nyumba ile ndimo alimozaliwa.

"Fundi," akaniambia kwa sauti yake ya chini, "haya mato yangu yamebakisha vivuli tu. Nataka unirudishie chemchemi ya baba. Niyasikie maji. Nikiyasikia yako wapi, nitajua jikoni ni upande gani na mlango ni upande gani."

"Inshallah, Bi Rukia," nikamjibu.

Mwanawe, Salim, alikuwa amesimama kando yetu. Yeye alikaa Kizingo, katika nyumba kubwa yenye bustani, na alikuwa amemwomba mamake mara nyingi ahamie huko. Bi Rukia hataki. Mwisho wakapatana: kama mpaka Ramadhani itakapoingia ataweza kutembea nyumbani mwake bila kushikwa mkono, atabaki. Akishindwa, atahama bila ubishi. Zilikuwa zimesalia wiki tano.

Yote hayo yalisemwa mbele yangu. Lakini mimi, mwanangu, nilikuwa kijana niliyemaliza kujifunza ufundi wa mabomba juzi juzi tu, na katika maneno yote yale nilishika moja: chemchemi. Niliporudi kwetu nilikuwa kama mtu anayeota huku anatembea. Nikayaona maji yakipanda hadi kwenye roshani, yanameta, na watu barazani wakiulizana ni fundi gani aliyeifanya kazi ile.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Yusufali, aliyekuwa na duka la vifaa vya maji. Wazee wake walitoka Bara Hindi zamani, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mombasa kuliko wengi wetu. Nikamwambia nataka pampu ya chemchemi.

"Birika linachukua maji kiasi gani?" akaniuliza.

"Sikupima."

"Maji yapande kimo gani? Ni ya mfereji au ya kisima?"

Nikaona ananichelewesha. "Mzee, nipe iliyo kubwa tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu yake. "Kubwa kwa kazi gani, kijana wangu?"

Nikaondoka nikaenda Shimanzi, kwenye godauni moja walikouza mitambo iliyotumika, na huko nikaipata pampu ya chuma iliyokuwa ikinyweshea shamba. Ilihitaji watu wawili kuibeba. Nikaipeleka kwa mkokoteni, nimenyoosha shingo kama anayesindikiza bibi harusi.

Siku ya kuiwasha, Salim alikuja. Bi Rukia alikaa kwenye kiti chake, amejifunga leso mpya, ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Nikabonyeza swichi.

Pampu ilinguruma hata kuta zikatetemeka. Maji yakaruka yakaipita roshani, yakaangukia nguo za jirani zilizoanikwa, yakarudi chini kwa kishindo na kumwagika sakafu nzima. Kwa muda mfupi sana, nakwambia kweli, nilifurahi. Kisha nikamwona Bi Rukia amesimama, ameunyoosha mkono mbele, anautafuta ukuta. Ngurumo ilikuwa imejaa kila pembe. Kwake yeye ua ule haukuwa na upande tena. Akapiga hatua mbili kwenye maji, akateleza, akauangukia mkono wake.

Salim alimwinua bila kunitazama. Birika lilikuwa limekwisha kukauka, na pampu ikazidi kulia ikivuta hewa mpaka ikatoa moshi na kunyamaza. Mkono wake Bi Rukia ulikuwa umevunjika kwenye kifundo cha kiganja. Jioni ile Bi Rukia alichukuliwa Kizingo.

Siku kumi sikuweza kwenda. Nilipita vichochoro vya mbali ili nisiione nyumba ile. Siku ya kumi na moja nikavaa kanzu safi, nikaenda Kizingo. Nilimkuta kibarazani, mkono umefungwa plasta, mbele yake bustani pana ya kijani asiyoiona. Kulikuwa kimya. Nikamwamkia, nikaomba radhi.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuomba nini?"

"Chemchemi, Bi Rukia."

"La. Nilikuomba nisikie maji." "Wewe ulitaka watu wakuone. Si vibaya kijana kutaka kuonekana. Lakini kazi ilikuwa yangu, na hukuniuliza hata neno moja. Hapa kwa mwanangu napendwa, nala vizuri, na sijui mlango uko wapi. Ramadhani haijaingia bado. Nenda ukaulize."

Sijapata kuchapwa kwa maneno mapole kama yale. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Yusufali, na safari hii nikamwamkia kwanza. Hakunicheka. Alinipa kamba ya kupimia, akaniambia nirudi na majibu.

Nikapima. Birika lile, ukitoa unene wa mawe, lilikuwa dogo kuliko nilivyolidhania. Kibomba cha shaba kilikuwa chembamba kama kidole. Maji yalikuwa ya kisima, yale ya kisiwani yenye chumvi, ambayo hula chuma. Na Bi Rukia, nilipomrudia kumuuliza, aliniambia anataka yapande urefu wa kiganja hadi kiwiko tu, yaanguke juu ya maji, yasianguke juu ya jiwe.

Mzee Yusufali alisikiliza yote hayo, akapanda ngazi, akateremsha kijipampu cha plastiki kinachoenea kiganjani, cha kuzamishwa ndani ya maji. "Hiki hakitasikika," alisema, "yatasikika maji peke yake. Mdomo wake uvishe chujio, asumini zisiingie. Na kisikae kikavu hata dakika moja."

Nilikijaribu kwanza kwenye ndoo nyumbani kwetu, siku tatu. Nikakitega ndani ya birika, nikauongoza waya juu kabisa, mbali na maji. Kisha nikafumba macho, nikatembea ua mzima nikisikiliza, nikisogeza kibomba unene wa ukucha huku na kule mpaka sauti ikakaa mahali pamoja.

Salim alimleta mamake alasiri moja, zimebaki siku nne Ramadhani iingie. Uso wa Salim ulikuwa wa mtu asiyetarajia kitu. Bi Rukia alisimama mlangoni muda mrefu. Maji yalikuwa yakisema polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake. Akauondoa mkono wa mwanawe begani mwake, akapita kushoto kwa birika, akaingia jikoni. Tukasikia mlio wa kifuniko cha sufuria. Akatoka, akapanda ngazi ya kwenda chumbani, akateremka. Hakugusa ukuta.

"Salim," akasema, "niletee nguo zangu zilizobaki kwako."

Salim alikuwa amegeukia mlango. Alipangusa uso kwa kofia yake, akaniambia, "Asante, fundi," akatoka kuzifuata nguo. Bi Rukia aliishi pale miaka tisa, na akafia pale.

Basi mwanangu, nawe unapotaka kuweka chemchemi bustanini kwako, usianze dukani. Anza kwa kulipima birika lako na kujua maji yako ni ya namna gani. Amua yapande kimo gani, na ukae kidogo ujiulize unataka kuyaona au kuyasikia. Kisha ukachague pampu inayotosha hayo, si zaidi. Na siku utakapomfanyia mtu mwingine kazi, iwe ya maji au ya kitu chochote, muulize, umngoje amalize kujibu, ndipo ushike spana. Mimi nililijifunza hilo kwa mkono wa mama wa mtu uliovunjika. Nakuomba wewe ulijifunze kwa maneno tu.

Mola akupe nyumba yenye utulivu, akujaalie sikio la kuwasikiliza wanaokutegemea, na wanaoingia kwako watoke wakiwa wamepumzika. Amin.