Maji ya Miguu Yangu

Kazi yangu ni kunyonyoa kuku sokoni. Mchinjaji akishakata, mimi natumbukiza kwenye maji ya moto, navuta manyoya, napasua, natoa matumbo. Ikifika jioni hata mate yangu yana ladha ya kuku. Watu wananipisha njiani, na siwalaumu.

Ndiyo maana nina beseni langu. Nikifika nyumbani naoga kwa sabuni ya kufulia, kisha nachemsha maji mengine, nakamulia ndimu, nayaweka uani kando ya kigoda. Natia miguu, nafumba macho. Mpaka maji yapoe sisemeshwi na mtu. Binti yangu anajua. Hata nyumba ikishika moto atauzima kwanza ndipo aniambie. Hapo ndipo ninapoyatua ya siku nzima: wateja wanaobana pua mbele yangu, na yule bwana aliyenihama akaenda kuishi na mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Bila maji yale ningekuwa naokota makopo.

Jioni ile niliacha beseni tayari, nikaingia ndani kuchukua taulo. Narudi, nakuta mwanamume kwenye kigoda changu, suruali ameikunja hadi magotini, miguu yote miwili majini. Mume wangu wa zamani.

"Mama watoto," akasema, anatabasamu. "Nilijua tu. Miaka yote hii bado unaniwekea maji."

Enzi zile kweli nilikuwa namwekea. Akirudi kazini anayakuta ya uvuguvugu hapohapo uani, nampigia magoti, namsugua visigino. Sasa ameona beseni, akadhani bado ni lake.

Nilikuwa naangalia maji. Yalikuwa yamegeuka rangi ya chai iliyolala, utando unaelea juu. Kucha zake za njano zilichungulia kama meno ya mbuzi. Alikuwa anachokonoa ngozi katikati ya vidole, vipande anavidondosha humohumo. Mimi ninayeshinda kwenye matumbo ya kuku, nikabana pua.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Amenifukuza. Ana mdomo yule, hana utulivu kama wewe." Akauinua mguu, unachuruzika, akanisogezea. "Hebu hapa kwenye kisigino, pamekuwa pagumu. Mkono wako ndio unaopajua."

Aliutoa mguu ule kama mtu anayetoa zawadi.

Binti yangu akatokea mlangoni. Hakumwamkia. "Mama, si maji yako hayo?"

"Yalikuwa yangu." Nikamgeukia bwana. "Jifute kwa shati lako, uvae viatu."

"Mke wangu, makosa yameumbiwa watu. Tukae tuyamalize."

"Maji kayamwage huko barabarani. Na beseni uende nalo."

"Nilipeleke wapi?"

"Kwa atakayekusugua."

Alitoka amelikumbatia kifuani, maji yanamrukia kidevuni, analamba midomo bila hata kujua.

Kigoda nikakisugua kwa majivu mpaka viganja vikawaka. Miguu bado ilikuwa inaniuma. Nikachukua ndoo ninayobebea manyoya, nikaisuuza, nikatia maji na ndimu iliyobaki. Ilinuka kuku. Nikatia miguu, nikafumba macho, na binti yangu akatia komeo mlango wa uani, taratibu, bila kunisemesha.