Namna ya Kutoka Dukani kwa Hasira

Elimu yangu ni ya kidato cha nne, tena cha kubahatisha, lakini kuna mzee mmoja Mwingereza ambaye habari zake ningeweza kuzifundisha darasani. Alikuwa mchekeshaji wa nafasi ndogo ndogo. Alianzia kuuza viatu kwenye duka la baba yake, akaingia jukwaani, na maisha yake yote akacheza mhudumu wa hoteli, karani wa posta, padri aliyepotea njia. Kwetu tunasema stelingi wa filamu, yule mhusika mkuu, hafi. Yeye hata nafasi ya kufa hakupewa. Anaingia, anasema neno, anatoka, na watu wanacheka anavyotoka. Nilimwangalia kwenye simu mpaka nikaamini na mimi natoka vizuri.

Basi niliposikia kijana mmoja Mchina anarekodi tamthilia za simu pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa huku China, na anatafuta mgeni wa kucheza mteja, nikaacha kufunga robota. Dada ninayemfanyia kazi, mfanyabiashara wa Moshi, akanisindikiza ili apate la kucheka. Nikipatia, mimi ndiye mteja wa tamthilia nzima. Nikikosea, kuna Mkongo mwenye suti anasubiri zamu.

Kazi yenyewe: nikatae bei, nitoke kwa hasira, nisirudi. Muuzaji alikuwa laoban mwenyewe, yaani mama bosi wa duka lile.

Nikakataa bei. Nikatoka.

"Simama!" kijana akapiga kelele. "Umekasirika, mbona unatembea polepole?"

Nikarudia. Nilipofika duka la vifungo miguu ikagoma, shingo ikapinda, sikio likabaki nyuma.

"Mdogo wangu," dada akasema, "hiyo ni hasira au unatafuta choo?"

"Dada, siwezi! Ukitoka mbio hapa, nani atakuita akupunguzie?"

Akawatafsiria, huku anacheka. Laoban akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Anayekimbia simwiti."

Kijana akakuna kichwa. "Haya, mara ya mwisho. Nenda unavyojua wewe."

Hapo furaha ikanimaliza. Nikaondoka kwa madaha, kidevu juu kama bwana harusi, nikajikwaa kwenye majora ya kitenge na kuanguka mzima mzima. Laoban akasahau kamera. Akanikimbilia, akanishika mkono.

"Pengyou! Rafiki yangu, usiondoke hivyo! Chukua kwa bei yako!"

Na mimi, mwigizaji mkubwa, nikamjibu kutoka sakafuni: "Na mita mbili za nyongeza?"

Kijana alikuwa ameinama, machozi ya kicheko yanamtoka, kamera bado inarekodi. Mkongo akanipa mkono wa hongera kabla sijainuka. Nafasi ni yangu, nikaambiwa, ila kila sehemu ya tamthilia lazima nianguke.

Goti lilikuwa linaniwaka moto. Nikauliza kama tunaweza kuanza sehemu ya pili leo leo.