Taa za Kampuni na Kichuguu cha Mama

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kampuni za kigeni zina nafasi kubwa ya kujenga kwetu, kwamba barabara bado, madaraja bado, kila kitu bado, nainuka naondoka. Nafasi wanayo, ndiyo. Najua, maana niliwafanyia kazi. Nilikuwa mdomo wao.

Walikuja kujenga daraja kwenye njia ya Kabambare, karibu na Lusangi, pale ambapo wenye pikipiki walikuwa wanashuka mtoni na kuibeba pikipiki mabegani kama mgonjwa. Walitafuta mtu wa kuwatafsiria Kifaransa kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa msichana niliyesoma kwa masista Kasongo, nimerudi kwa mama, sina kazi. Wakanipa kofia ngumu ya njano. Kambi yao wakaiweka kwenye mwinuko, karibu kabisa na kichuguu cha mama.

Lazima nikieleze hicho kichuguu. Baba alipokufa, ndugu zake walichukua shamba, wakachukua michikichi, wakang'oa hata mlango wa nyumba. Kichuguu hawakuweza. Kwetu ardhi ni ya ukoo, lakini kichuguu ni cha mtu, na hiki bibi mzaa baba alimpa mama mbele ya watu. Kumbikumbi wakiruka mvua za kwanza, anayewavuna ni mama. Anawakausha, anawauza sokoni, tena anawagawia walewale waliomnyang'anya shamba, makusudi, ili waone haya. Bila kichuguu kile angekuwa mjane wa kuhurumiwa tu. Na iko sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: jioni ya kumbikumbi huwashi moto karibu na kichuguu cha mwenzako. Kumbikumbi hufuata mwanga. Ukiwasha, umeiba, na utaleta kuku kuomba radhi.

Siku ya mkutano, mkubwa mmoja wa serikali alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na watu wakapiga makofi. Enjenia wa kampuni, mtu mrefu mwenye adabu nyingi, akaahidi kulipa kila shina la muhogo na kila mchikichi utakaokatwa. Mama akasimama.

"Taa zenu zitawaka mpaka saa ngapi?"

Nikatafsiri. Enjenia akacheka, akasema usiku kucha, mama asiwe na woga, mwanga ni usalama, mwanga ni maendeleo.

"Kichuguu yangu iko pale," mama akasema. "Wakati ya kumbikumbi muzime."

Nilimweleza enjenia yote, mpaka habari ya kuku. Akanisikiliza vile mtu anavyosikiliza hadithi ya mtoto. Kisha akaapa kwamba kampuni haitakigusa kichuguu kile, hata udongo wake hawatauchota. Watu wakaridhika. Mama akakaa chini, lakini macho hakumwondolea.

Kweli hawakukigusa.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mama alijenga kibanda cha majani juu ya kichuguu, akachimba shimo lake la kuwanasia, akawasha mwenge wa nyasi. Magharibi kumbikumbi wakatoka. Wakapenya majani, wakaupita mwenge wa mama, wakaenda zao kwenye taa kubwa za kambi. Wa vichuguu vya jirani nao vilevile. Mama akabaki amesimama na mwenge mkononi, na shimoni mabawa matupu.

Asubuhi uwanja wa kambi ulikuwa umefunikwa. Wafanyakazi walikuwa wanazoa kumbikumbi kwa makoleo, wanawatupa kwenye shimo la taka na kuwamwagia mazutu, ile dizeli ya jenereta, eti wananuka. Chakula cha watu! Mama akafika mlangoni na kikapu chake. Mlinzi, mtoto wa shangazi yangu kabisa, akamwambia bila kumtazama usoni, "Mama, huku mutu haingii bila ruhusa."

Enjenia akatoka. Alipomwona mama akafurahi, na hapo ndipo sitamsamehe. Akaniambia nimwambie mama kwamba wanahitaji mtu wa kufagia wadudu hawa kila asubuhi mpaka msimu uishe. Watamwajiri yeye. Ni nafasi nzuri kwake.

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilitaka mama ajue anaongea na mtu wa namna gani.

Mama alilitazama lile shimo la mazutu. Sauti hakupandisha. "Umwambie kwetu mwizi analeta kuku," akasema. "Hamuajiri mwenye mali."

Hilo nalo nikalitafsiri. Enjenia akaniuliza, kuku gani?

Kumbikumbi hawaruki jioni moja tu. Mvua iliyofuata nilizunguka nyuma ya kambi na kofia yangu ya njano, hakuna aliyeniuliza kitu, nikafunga bomba la mazutu ya jenereta. Ikakohoa, ikanyamaza. Kambi nzima giza. Nikasikia wageni wanatukana kwa lugha yao, na matusi yale hayakuhitaji mtafsiri. Upande wa nyumbani ulibaki mwanga mmoja tu, mwenge wa mama. Sikukimbia. Walinikuta nimesimama palepale mbele ya jenereta, nikamwambia enjenia kwa Kifaransa safi cha masista, "Nimezima moto wa mwizi."

Wakanivua kofia hapohapo, na kazi ikaisha. Kesho yake jenereta ikafungiwa kufuli, akawekwa mtoto wa shangazi kuilinda, na taa zikawaka kila usiku mpaka daraja likaisha. Daraja ni zuri, sikatai. Pikipiki zinapita mbio. Lakini msimu ule hakuna aliyevuna tena kichuguu upande wetu.

Jioni ile ya giza ndiyo pekee mama alijaza kikapu. Nilimkuta jikoni anakaanga, na ndugu za baba wamekwisha kujaa uani na mabakuli yao, wanangoja kugawiwa kama kila mwaka. Mama akawapita wote. Akanipakulia mimi kwanza, mpaka sahani ikamwagika.

"Kula, mama," akaniambia. "Kumbikumbi hawa hakuna aliyewafagia."